Turudisheni Kwenye Kaya Zile Zile: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Mafunzo ya Afya ya Jamii

Kwa: Wizara ya Afya, Ofisi ya Rais, TAMISEMI, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), wakurugenzi wa halmashauri za Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, na wakuu wa vyuo vya afya vya Nyanda za Juu Kusini.

Yah: Mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa afya ya mazingira na afya ya jamii

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, stashahada ya afya ya mazingira, katika chuo kimoja cha kati hapa Mbeya. Ni ile kozi ambayo ukimtajia mtu wa kijijini anaitikia, "Ahaa, bwana afya." Watoto wa kule Rungwe nilikofanyia mafunzo kwa vitendo, yaani fildi kama tunavyoiita wenyewe, waliniita bwana afya wa kike, na jina hilo nililipenda. Nakaribia kumaliza masomo, na nisingependa kuondoka chuoni nikiwa nimenyamazia jambo ninaloliona kila mwaka na ambalo liko ndani ya uwezo wenu kulirekebisha.

Jambo lenyewe ni hili. Tunafundishwa afya ya jamii, halafu jamii yenyewe tunaonyeshwa mara moja. Tunapelekwa kwenye kaya, tunahoji, tunaandika, tunaondoka, na kaya ile hatuioni tena. Mwaka unaofuata wanakuja wenzetu wengine na maswali yale yale. Naomba mturudishe kwenye kaya zile zile.

Ilikuwa Juni, msimu ambao ukungu unaifunika Tukuyu hadi saa nne asubuhi na manyunyu hayakatiki. Nilikuwa na mwenzangu mmoja na mwenyekiti wa kitongoji. Tukafika kwa bibi mmoja, mjane, anayeishi na wajukuu wawili katikati ya migomba. Nikamsalimia "ugonile", akaitikia huku akicheka matamshi yangu, maana mimi ni mtu wa Mbozi, mkoani Songwe, na Kinyakyusa nakiazima tu. Akatutolea vigoda. Nikafungua fomu.

Fomu ile ilikuwa na visanduku vya kuweka tiki. Choo: kipo, hakipo. Kifaa cha kunawia mikono: kipo, hakipo. Shimo la taka: lipo, halipo. Nikaomba kuona choo. Kuta za matete zilizokandikwa udongo, sakafu ya magogo iliyofunikwa udongo, tundu halina mfuniko, nzi wanaingia na kutoka. Pembeni yake kulikuwa na kibuyu chirizi: dumu la njano la lita tano limetundikwa kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili, limetobolewa karibu na mdomo, kamba inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Nikakanyaga. Kamba ilikuwa imeoza, ikakatika. Dumu lilikuwa kavu na buibui ameshatanda utando ndani. Uzi wa kuning'inizia sabuni ulikuwepo, sabuni haikuwepo.

Bibi akasema, kwa upole kabisa: "Walikuja wenzako mwaka jana. Ndio waliotundika hilo dumu. Wakaniambia watarudi kuangalia kama nalitumia. Mimi nikawa najaza maji kila siku, nawangoja. Hamkurudi."

Nikatazama fomu yangu. Kifaa cha kunawia mikono: nikaweka tiki kwenye "kipo". Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba dumu ni kavu, wala kwamba kuna mtu alijaza maji akingoja wageni. Tiki ile ikaingia kwenye ripoti yangu, ripoti ikapelekwa chuoni, ikapata alama nzuri. Waheshimiwa, tiki ile inanisumbua mpaka leo.

Pengine mtu atauliza dumu moja kavu lina uzito gani. Nitajibu kwa jambo la nyumbani kwetu.

Mbozi tunafuga nguruwe. Kaka yangu alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka 15. Siku moja aliangukia jikoni, mkono wa kushoto ukaingia motoni; vidole viwili vilishikana na havijaachana mpaka leo. Alizungushwa kwa waganga karibu miaka miwili kabla ya kuanzishiwa vidonge. Wapo waliosema amerogwa. Wengine hawakuthubutu kumgusa akiwa ameanguka, wakiamini povu lake linaambukiza, na mimi mdogo wake niliamini hivyo hivyo, nikawa nakimbia.

Mwaka wa kwanza chuoni tukafundishwa tegu wa nguruwe, aina ya mnyoo. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya mdudu huyu, tegu anakua tumboni mwake na anaweza kukaa humo miaka bila mwenyewe kujua. Mayai yanatoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai yanageuka vifuko ndani ya nyama yake, na mzunguko unaanza upya. Hapo nilikuwa bado naandika kwa utulivu. Kisha mwalimu akaendelea: mayai hayo hayo yakiingia kinywani mwa binadamu, kwa mikono isiyonawiwa baada ya choo, kwa maji au kwa mboga iliyochafuliwa, yanaweza kusafiri hadi kwenye ubongo na kufanya vifuko humo, na vifuko hivyo ni moja ya sababu kubwa za kifafa katika maeneo ambako nguruwe wanazurura na vyoo ni vibovu. Hata asiyekula kitimoto maisha yake yote anaweza kuupata ugonjwa huo wa ubongo, ikiwa anaishi na mtu mwenye tegu. Nikaweka kalamu chini. Watafiti wameukuta ugonjwa huu kwa nguruwe wa Mbozi na Mbeya Vijijini, vijiji vyetu hivi hivi.

Kaka hajawahi kupigwa picha ya ubongo, kwa hiyo simsemei yeye. Nasema tu kwamba choo cha nyumbani kwetu enzi hizo kilifanana sana na kile cha bibi.

Na wachuuzi wa nguruwe wanalijua jambo hili kuliko sisi wenye vitabu. Nimekua nikiwaona wakimlaza mnyama ubavu, wanampachika mti mdomoni, wanavuta ulimi kwa kitambaa na kupapasa chini yake kutafuta vivimbe. Akikutwa navyo, bei inashuka. Hafukiwi wala hachomwi. Ananunuliwa kwa bei ya chini, au analiwa hapo hapo kijijini.

Sasa tazameni kinachohitajika ili mzunguko huu ukatike. Choo kinachotumiwa na kila mtu, watoto wakiwemo. Mikono inayonawiwa. Nguruwe aliyefungiwa bandani. Nyama iliyokaguliwa na kuiva hadi ndani. Mtu mwenye tegu atambuliwe, atibiwe. Nguruwe wenyewe wana dawa, oksifendazole, ambayo dozi moja inaua vifuko vilivyomo kwenye nyama. Lakini nguruwe aliyetibiwa leo hachinjwi kesho, inabidi kusubiri, na wanaozaliwa baadaye wataambukizwa upya kama mwenye tegu bado anajisaidia kwenye migomba. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachokamilika kwa kutembelewa mara moja.

Tena kuna suala la msimu, ambalo sikuwahi kulisikia darasani. Fildi yetu inaangukia katikati ya mwaka. Wakati huo mavuno yameisha na nguruwe wamezagaa kila kona, kwa hiyo ripoti zetu zote zinasema wananchi hawana elimu ya kufungia mifugo. Mimi nimekulia huko. Nendeni Januari mtawakuta nguruwe hao hao wamefungwa, kwa sababu mahindi yako shambani na jirani hatakubali mazao yake yaliwe. Mabanda yapo na elimu ipo. Mahindi yakishatoka shambani banda linafunguliwa, maana kulisha mnyama ndani ni gharama, na shambani kuna mabaki ya bure. Kwa hiyo kinachotakiwa kuzungumzwa na mfugaji ni chakula cha nguruwe kuanzia mwezi wa sita, siyo hotuba juu ya ubaya wa kuachia nguruwe. Hilo anaweza kuliona tu mwanafunzi aliyefika Juni na akarudi Januari. Ndivyo ilivyo kwa vyoo pia. Wakati wa kiangazi choo kinasimama vizuri, masika shimo linajaa maji na kuta zinaporomoka, na sisi wakati huo tuko darasani tunajifunza aina za vyoo.

Niseme kidogo juu ya udumavu, yaani mtoto kubaki mfupi kuliko umri wake kwa lishe duni, kwa sababu mikoa yetu inatajwa kila mara na inauma. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa watoto 57 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe 50, wakati wastani wa nchi nzima ni 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi, viazi na maharage. Mwalimu wetu wa lishe hutukumbusha kwamba siku 1,000, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kufikisha miaka miwili, ndizo zinazoamua. Fildi yetu ni wiki nane. Nimezihesabu, ni siku 56. Mtu wa siku 56 anaukuta udumavu umeshatokea na anaupima kwa ubao. Mama mjamzito niliyemhoji Juni alijifungua mimi nikiwa nimesharudi Mbeya, na yale niliyoyaandika kuhusu chakula chake hayakumsaidia yeye wala mtoto wake, maana hakuna aliyempelekea kitu chochote kilichotokana na majibu yake.

Kurudi kunawezekana, na katika kanda hii tunao ushahidi. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, dhidi ya asilimia 4.4 kitaifa. Ni mzigo mzito kuliko wa wengine. Lakini kwenye huduma hiyo mtu akikosa kufika kliniki kuchukua dawa, kuna anayemtafuta. Anapigiwa simu, anafuatwa nyumbani kwa staha ili majirani wasijue, anarudishwa kwenye dawa. Shangazi yangu yu hai leo kwa sababu kuna mama mmoja wa kujitolea alimfuata mara tatu, mara ya tatu akiwa na uji kwenye chupa ya chai. Sijui kwa nini moyo ule ule usiingizwe kwenye mafunzo yetu ya vyoo, maji na lishe.

Na wazee wetu walilijua hili kabla yetu. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Babu yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa kwenye kundi la kusikiliza redio. Walikutana kila wiki chini ya kiongozi wao, wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu, wanajadili, wanakubaliana cha kufanya, na wiki inayofuata wanaulizana nani amefanya. Takribani watu wazima milioni 2 walishiriki nchi nzima. Babu alichimba choo chake cha kwanza mwaka huo, na sababu aliyokuwa akiitoa ilikuwa moja: aliona aibu kukutana na wenzake wiki ya pili akiwa hajachimba. Redio ilisaidia. Ile wiki ya pili ndiyo iliyochimba choo.

Sasa niwaambie fildi yetu ilivyo, bila kutaja chuo wala halmashauri, kwa kuwa nimezungumza na wenzangu wa vyuo vingine na hadithi zinafanana.

Unapewa barua ya chuo, unajitafutia nauli, unajitafutia chumba. Mama yangu aliuza magunia mawili ya mahindi ili nilipie chumba, mkaa na chakula kwa wiki nane. Tulifika 23 kwenye ofisi moja, kutoka vyuo vitatu. Ofisi ina meza mbili. Afisa afya wa kata aliyetupokea ni mtu mwema na mchapakazi, ana vijiji vitano na pikipiki moja isiyokuwa na mafuta. Kwa hiyo wiki tatu za kwanza tulikaa ofisini tukinakili rejista. Wiki ya nne mafuta yakapatikana, tukatoka. Msimamizi kutoka chuoni alikuja siku moja, akasaini madaftari yetu yote kwa kikao cha chini ya saa mbili, akawahi gari. Simlaumu, alikuwa na wanafunzi kwenye halmashauri nyingine nne wiki hiyo hiyo. Mwenzangu mmoja, kijana mwenye akili sana, alinakili ripoti ya mwaka uliopita akabadilisha jina la kijiji. Hakugundulika. Aliponiambia alikuwa na aibu usoni, na akasema maneno ambayo sijayasahau: "Hata ningeandika ya kweli, nani angeisoma kwa ajili ya kile kijiji?"

Ombi langu, basi.

Kila chuo cha afya katika kanda hii kipewe kata zake, chache na zilizo karibu, kwa makubaliano ya maandishi na halmashauri. Mwanafunzi anapoingia mwaka wa kwanza apangiwe kitongoji, yeye na wenzake watatu, kaya kama 40, na abaki nazo mpaka anapohitimu. Aende walau mara moja kwa mwezi, iwe Januari au Juni, masika au kiangazi. Alama zake zitokane na kilichobadilika kwenye kaya zile, na kwa yale yaliyogoma kubadilika aeleze kwa nini. Anapohitimu, awakabidhi wa mwaka wa kwanza kaya hizo mikononi, kwa kuwapeleka mlango kwa mlango na kuwatambulisha kwa majina. Fomu ya visanduku ibaki kama mnaihitaji, ila chini yake pawe na mistari kumi mitupu ya kuandika yaliyosemwa.

Kwa chuo kilichopo hapa Mbeya mjini sioni ugumu wa kuanza. Kutoka Uyole unapanda gari asubuhi ukiwa umekunywa chai, unafika vijijini, unafanya kazi na kurudi kabla ya giza. Kwa kata za mbali, makazi ndiyo tatizo, na hapo naomba mtazame vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vilianzishwa mwaka 1975 kwa wazo la Mwalimu Nyerere, aliyevutiwa na vyuo vya aina hiyo vya nchi za Skandinavia, na vipo zaidi ya 50 nchini. Kwetu huku kuna Katumba kule Rungwe na Ulembwe kule Njombe. Vyuo hivi viliwekwa viwe karibu na wananchi. Vina mabweni, vina mashamba, vina mafundi wanaofundisha uashi na useremala. Hebu fikirini mwanafunzi wa afya analala chuo hicho kwa wiki moja kila muhula, na mwanafunzi wa uashi wa hapo hapo anakwenda naye kumwaga sakafu ya zege ya choo kama sehemu ya mtihani wake. Wizara ya Elimu na Wizara ya Afya wakikaa meza moja hata nusu siku, hilo linaanza.

Tusiachwe peke yetu pia. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao lengo lake ni wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, mwanamke na mwanaume. Hawa wanaishi pale pale na wanachaguliwa na wanakijiji wenyewe. Mwanafunzi akifungamanishwa nao, wao wanamfundisha nyumba, naye anawasaidia kupima, kuandika na kufuatilia. Mhudumu mmoja niliyefanya naye kazi Rungwe, mama wa watoto wanne, aliweza kuniambia kwa kutazama tu kamba ya kuanikia nguo ni nyumba ipi ina mtoto mchanga ambaye hajapelekwa kliniki. Ujuzi huo haumo kwenye mtaala wangu.

Najua mtasema fedha. Wanafunzi tayari tunailipa fedha hiyo, mmoja mmoja, kwa wenye nyumba na kwa makondakta, tena inatoka kwenye magunia ya mama zetu. Ninaomba ikusanywe na kupangwa: mchango wa fildi uandikwe wazi kwenye karatasi ya ada tangu siku ya kujiunga, badala ya kutushtukiza muhula wa mwisho, na sehemu yake iende kwenye mafuta ya pikipiki ya afisa afya wa kata, ambaye ndiye mwalimu wetu halisi huko. Kama mnaweza kumwekea posho ya kufundisha, hata ndogo, mwekeeni. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada kwenye baadhi ya fani, na tunashukuru kwa hilo. Kozi za afya ya jamii na gharama za mafunzo kwa vitendo zitazamwe kwa jicho hilo hilo.

Mwalimu wangu mmoja, niliyemsomea barua hii kabla ya kuituma, alinionya juu ya jambo lingine: kaya zitachoka kuhojiwa. Nimelifikiria sana hilo kwa sababu ni kweli, watu wamechoka. Rungwe nilifungiwa milango miwili. Lakini nilipomuuliza mzee mmoja aliyenifungia, alisema wamehojiwa na watu wengi na hakuna aliyewahi kurudi kuwaambia majibu yalikuwa nini. Anayerudi mara ya tano hana haja ya kuhoji tena. Anajua jina la mtoto na anajua ng'ombe aliuzwa lini.

Kuna pia habari ya sheria. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inatupa sisi watu wa afya ya mazingira mamlaka ya kukagua, kuamuru na kufikisha watu mahakamani, na ni haki iwepo, hasa kipindupindu kinapoingia. Ila mtaalamu ambaye hakuwahi kujenga uhusiano na nyumba hata moja akiwa mwanafunzi, siku anapoajiriwa kitu cha kwanza mkononi mwake ni faini. Nimewaona mama lishe wa soko la Mwanjelwa wakifunika masufuria na kutawanyika wanapoona koti jeupe. Wangetutambua kwa sura na majina, wangetuita tuwaonyeshe namna ya kuhifadhi maji. Habari ya ajira zetu baada ya kuhitimu ni ndefu, sitaichanganya na hii.

Naomba nimalizie na bibi.

Nilirudi kwake Septemba. Sikutumwa na mtu, nilikwenda kwa nauli yangu siku ya Jumamosi, nimebeba mita mbili za waya na kipande cha sabuni ya kufulia. Aliponiona kwenye njia ya migomba alisimama, akaweka jembe chini, akamwita jirani yake kwa sauti: amerudi yule mtoto wa Mbozi! Tukakaa kwenye vigoda vile vile. Sikuwa na fomu. Tulifunga waya mahali pa ile kamba, mjukuu wake mkubwa akaenda kuteka maji, mdogo akawa wa kwanza kukanyaga kijiti, akanawa, akacheka, akanawa tena mpaka bibi akamkemea kwamba anamaliza maji.

Nikarudi tena Novemba, mvua zimeanza. Dumu lilikuwa na maji. Tundu la choo lilikuwa na mfuniko wa mbao wenye mpini, ambao mimi sikuwahi kuuzungumzia hata siku moja, bibi alimwagiza mjukuu autengeneze kwa mabaki ya kreti ya nyanya, kwa sababu, alisema, "nilijua utakuja na utataka kuona." Jirani aliyekuwa ameitwa Septemba alikuwa ametundika dumu lake, la kijani. Ukuta mmoja wa choo ulikuwa umeanza kumomonyoka kwa mvua, na hapo ndipo nilipoelewa kwa macho yangu kwa nini udongo ule unahitaji paa pana zaidi. Niliandika kurasa sita usiku ule. Hazina alama yoyote chuoni, maana fildi yangu ilishafungwa mwezi wa nane.

Bibi ameniuliza nani atakuja nikishahitimu. Nilishindwa kumjibu, ndiyo maana nawaandikia ninyi. Safari yangu inayofuata ni Januari, Jumamosi ya pili, gari la saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka Uyole. Yeyote kati yenu akipenda twende pamoja, nitamsubiri stendi. Avae viatu vya tope.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, afya ya mazingira
Mbeya